Bwana Arusi wa Bustani

Zawadi ni za namna nyingi. Iko zawadi ya heshima, ambayo mtoaji huikabidhi kwa mikono miwili na mpokeaji huipokea kwa mikono miwili. Iko zawadi ya haja, kama unga kwa mwenye njaa na shuka kwa mwenye baridi. Tena iko zawadi ya tatu, ambayo watu wazima aghalabu huidharau, nayo ni zawadi ya mzaha. Hii haina bei sokoni, wala haiwekwi kabatini ikaonyeshwa wageni. Thamani yake yote imo katika dakika moja, dakika ile mpokeaji anapoona kitu ambacho hakukitazamia. Akicheka, mtoaji amefaulu. Asipocheka, mtoaji hana mahali pa kujificha. Maana zawadi ya heshima ikikataliwa watu husema kuwa mpokeaji hana shukrani, lakini mzaha ukikataliwa husema kuwa mtoaji hana adabu.

Mimi nalipata kutoa zawadi ya namna hii mara moja katika maisha yangu, na niliyempa alikuwa mtu aliyenizidi umri kwa miaka zaidi ya hamsini. Nataka kueleza habari zake, si kwa sababu nalikuwa hodari katika jambo lile, bali kwa sababu nalikosea karibu kila kitu, na juu ya makosa yangu likaota jambo jema ambalo sikulikusudia.

Bibi yangu, mzaa mama, alikaa katika nyumba ndogo ya bati pembeni mwa mji wa Tanga, mahali ambapo nyumba hukoma na mashamba huanza. Mume wake alikuwa karani katika shamba la mkonge. Mkonge ndio uliolikuza jina la Tanga. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche yake kutoka Florida, Marekani, na iliyosalimika katika safari ile ilikuwa 62 tu. Lakini kutokana na miche hiyo michache yalitokea mashamba makubwa, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ikawa ya kwanza duniani kwa zao hilo. Babu alitumia ujana wake kuhesabu marobota ya katani ya watu wengine. Alipostaafu alisema kwamba sasa ataka kuhesabu vitu vyake mwenyewe, akanunua kipande cha ardhi nyuma ya nyumba, kiasi cha nusu eka, akakizungushia ua.

Kuzungusha ua ilikuwa kazi ya Babu. Kila kilichoota ndani ya ua kilikuwa kazi ya Bibi. Palikuwa na mchicha, bamia, bilingani na pilipili katika matuta. Palikuwa na mchaichai na mrehani karibu na mlango wa jikoni. Palikuwa na mipapai sita, mkomamanga mmoja, na mwasumini uliotambaa juu ya ukuta wa choo, hata wageni wakasema hawajapata kuona choo kinukiacho vizuri kama kile. Babu alipenda kuwaambia watu kwamba yeye ndiye mwenye shamba na mkewe ni msimamizi. Bibi alikuwa akijibu kwamba mwenye shamba ni yule ajuaye bamia zilipo, kisha akimwuliza mumewe mbele ya wageni ziko wapi. Babu hakupata kulijibu swali hilo sawasawa hata siku moja.

Babu alifariki mwaka 1993. Bibi akakaa eda miezi minne na siku kumi kama ilivyo sheria, na watu wote walitumaini kwamba eda itakapokwisha, majembe yatalia tena nyuma ya nyumba. Eda ikaisha. Bibi akaoga, akabadili nguo, akapokea ndugu waliokuja kumwona, akatoka mpaka barazani, akaketi. Huko nyuma hakwenda. Wiki zikawa miezi. Majani yakapanda juu ya matuta, mchicha ukazaa mbegu ukaanguka, na mapapai yakaivia mtini yasiwe na mchumaji ila kunguru. Mama yangu alipomwomba aende walau akapunge upepo, alijibu: "Wacheni pawe hivyo. Nimechoka kulimia kunguru." Alikuwa akila kidogo, akilala mapema, na mkufu wake ulianza kuning'inia shingoni kama uliotundikwa ukutani. Hapakuwa na mtu asiyejua maana ya mambo hayo, wala hapakuwa na mtu aliyethubutu kuyataja.

Kunguru aliowasema ni wale wenye shingo ya kijivu, ambao asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wausafishe mji kwa kula taka. Wakala taka, kisha wakala mayai, vifaranga, matunda na mahindi machanga, wakawafukuza ndege wengine, na leo wameenea katika miji mikubwa ya pwani yetu. Ni mfano wa mtumishi aliyeajiriwa kufagia ua akaishia kuwa mwenye nyumba. Wazee wetu waliamia ndege kwa kujenga dungu katikati ya shamba, na mtoto akapanda juu na kombeo lake akashinda huko tangu alfajiri hata magharibi. Lakini kunguru wa mji hujua urefu wa mkono wa mtoto kuliko mtoto mwenyewe, na Bibi hakuwa na mtoto wa kumweka juu ya dungu.

Nalikuwa na umri wa miaka ishirini. Mwaka 1994 nalipata nafasi ya kwenda kusoma Chuo Kikuu, Dar es Salaam, na zikiwa zimesalia siku tatu nikaenda kumwaga Bibi. Nalipoiona bustani ile nalishikwa na huzuni, na huzuni ya kijana, kama ijulikanavyo, haikawii kugeuka utundu. Nikakata shauri la kumtengenezea Bibi sanamu ya kutishia ndege.

Hapana budi nieleze jambo moja, ili msomaji asinihukumu kabla ya wakati. Katika desturi zetu mtoto hamfanyii mzaha baba yake wala mama yake. Lakini baina ya mjukuu na bibi, na baina ya mjukuu na babu, uko utani. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu", na mjukuu humwita "mke wangu", naye humtania kwamba chumvi imezidi na kwamba ataoa mwingine. Utani una mipaka yake, lakini mipaka hiyo ni mipana kuliko mtu mgeni awezavyo kudhani. Makabila mengi ya Tanzania yana watani ambao huruhusiwa kutania hata penye msiba, wakaigiza mwendo wa marehemu mbele ya wafiwa, na wafiwa wakacheka huku machozi yakiwatoka. Wala si sisi peke yetu tulioona kwamba mzaha wahitaji idhini. Huko Uingereza watu huweka katika bustani zao sanamu ndogo za vijitu vyenye ndevu na kofia ndefu nyekundu. Mwaka 1847 Sir Charles Isham aliagiza 21 kutoka Nuremberg, Ujerumani, akaziweka katika bustani yake ya mawe huko Lamport, na mpaka leo imebaki moja. Lakini katika maonyesho makubwa ya maua ya Chelsea vijitu hivyo vilikuwa vimepigwa marufuku kuwa havina staha, mpaka mwaka 2013 vilipokubaliwa kwa kuwa maonyesho yalikuwa yakitimiza miaka mia. Basi hata Mwingereza hucheka bustanini kwa ruhusa. Mimi ruhusa nalikuwa nayo, maana nalikuwa mjukuu. Lililonipungukia ni busara.

Tulifanya kazi usiku, mimi na mtoto wa mjomba wangu, tukijificha nyuma ya banda la kuku. Uti wa mgongo wa sanamu yetu ulikuwa mlingoti wa mkonge, yaani mti ule mrefu unaochipuka katikati ya mmea; ni mwepesi kuubeba, nao huvumilia. Mabega yalikuwa kipande cha mti kilichofungwa kwa kamba. Kifua kilikuwa gunia lililoshindiliwa makapi ya katani. Tukamvika kanzu yangu ya zamani, kofia ya kiua, na blanketi kuukuu jeusi badala ya joho. Tukamtia bakora mkononi na koja la asumini shingoni. Usoni tukamchora macho na masharubu kwa mkaa. Lakini kwa kuwa kijana wa miaka ishirini hakumfaa mwanamke wa miaka sabini na mitatu, tulimpa ndevu ndefu nyeupe za katani, zikamfika tumboni. Alfajiri tulipomsimamisha katikati ya majani, alikuwa bwana arusi kamili, mwenye heshima zaidi kuliko wengi niliopata kuwaona wakioa.

Jua lilipotoka nikamshika Bibi mkono, nikamwambia kuna mgeni nyuma ya nyumba. Alikuja kwa sababu mgeni hakataliwi. Mama yangu na shangazi wakafuata. Tulipofika penye mwasumini nikasimama, nikasafisha koo, nikasema maneno niliyokuwa nimeyatunga usiku: "Mke wangu, mimi naenda masomoni, na sipendi ukae peke yako. Kwa hiyo nimekuletea naibu wangu."

Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Hapo ndipo nami nalipoyasikia maneno yangu mwenyewe. Kwa muda wa mwaka mzima watu wa nyumba ile walikuwa wakilizunguka neno "peke yako" kama watu wanavyolizunguka shimo gizani. Na mimi nalikuwa nimelitamka kwa sauti kubwa, asubuhi, mbele ya mjane, nikaliunganisha na kikaragosi cha gunia. Bibi hakucheka. Alimtazama bwana arusi, akatazama majani, akatazama mipapai iliyotobolewa na kunguru. Nalitamani ardhi ipasuke.

Kisha Bibi akapandisha kanga yake, akaingia katika majani. Akamzunguka sanamu mara moja, polepole, kama mtu aliyekwenda mnadani kununua ng'ombe. Akamfinya mkono. Akamvuta ndevu. Akageuka, akaniuliza kwa uso mkavu: "Mahari yake iko wapi?"

Nalibabaika, nikasema kwamba bwana huyu ametoka mbali na hana kitu.

"Mume asiye na mahari ni mpita njia," akasema Bibi. "Na wewe uliyemleta ndiye wakili wake. Mahari yangu ni matuta manne. Kamata jembe." Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, akafuata mama, na wa mwisho akawa Bibi mwenyewe, akicheka kimyakimya huku mabega yakimtikisika, jambo ambalo hatukuwa tumeliona tangu msiba.

Nalichimba siku ile nzima. Bibi aliketi juu ya kigoda chini ya mkomamanga, akitoa amri: hapa pana mizizi, pale pana mawe, tuta limepinda, tuta ni jembamba, huyo bwana wako hakukufunza kulima. Adhuhuri viganja vyangu vilikuwa na malengelenge. Magharibi matuta yalikuwa matatu, nami sikuweza kuinua mkono, na basi la Dar es Salaam lilikuwa likiondoka alfajiri ya kesho yake. Bibi akayahesabu. "Tatu," akasema. "Moja deni." Akaingia ndani.

Barua yake ya kwanza ilinifikia baada ya wiki tatu. Iliandikwa na mtoto wa jirani, kwa sababu macho ya Bibi yalikuwa hayaoni tena maandishi madogo. Baada ya salamu na habari za afya, alisema kwamba amemfuta mumewe uso, maana hapendi sanamu yenye macho katika nyumba yake. Tena mume asiye na macho ana faida, hataona wali ukiungua. Barua ya pili ilikuwa ya mashtaka. Alisema bwana arusi ni mvivu kupita kiasi: siku nne za kwanza kunguru walimwogopa, siku ya tano walikaa uani wakimtazama, siku ya sita mmoja alimkalia begani, na siku ya saba akamnyofoa ndevu akaenda kujengea kiota. Barua ya tatu ilieleza dawa aliyoigundua. Amemhamishia karibu na mipapai na kumvalisha kanga. Kunguru wakakimbia siku mbili. Sasa atamhamisha kila asubuhi na kumbadilisha nguo kila siku ya pili, ili wasimzoee. Mwisho wa kila barua aliandikisha maneno yale yale: "Tuta moja bado."

Nalizisoma barua zile bwenini, nikawasomea wenzangu, tukacheka mpaka chumba cha jirani wakagonga ukuta. Sikuzielewa ila baada ya siku nyingi. Kwanza naliona haya kwamba zawadi yangu haikufaa kitu, kwa kuwa sanamu ya kutishia ndege isiyotisha ndege ni takataka iliyovaa nguo. Kisha usiku mmoja nalianza kufikiri. Ili ujue kwamba kunguru amemkalia sanamu begani siku ya sita, na si ya tano, yakupasa uwepo siku ya tano na ya sita. Ili umhamishe kila asubuhi, yakupasa kila asubuhi ufungue mlango wa nyuma. Na mtu aliyekwisha kufungua mlango wa nyuma, akiwa na ndoo jirani na matuta matatu yaliyochimbwa mbele yake, ni vigumu asitie mbegu. Sanamu yangu ingalikuwa hodari, Bibi angalimtazama siku moja, akacheka, akarudi barazani. Kwa kuwa alikuwa goigoi, alihitaji kutunzwa. Na aliyekuwa amechoka kutunza watu waliokuwa wakimlazimisha ale na alale alipata kitu cha kukitunza yeye.

Kuhusu kunguru, Bibi alikuwa ameigundua kweli ambayo wataalamu waliithibitisha baadaye kwa njia zao. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, huko Seattle, waliwakamata kunguru wachache, aina nyingine na hawa wetu, huku wakiwa wamevaa kinyago cha namna moja. Kwa miaka kadha baadaye kila aliyepita na kinyago kile alizomewa na kunguru, hata na wale ambao hawakukamatwa, na aliyepita na kinyago kingine aliachwa aende zake. Ndege ajuaye kuitenga sura moja na sura nyingine hadanganyiki muda mrefu na gunia. Lakini Bibi hakuwa akishindana na kunguru kwa kusudi la kuwashinda. Alikuwa amepata wa kushindana naye.

Nalirudi Tanga mwezi wa Desemba. Basi lilichelewa njiani, nikafika jioni, jua likiwa limelala juu ya ua. Nikapita upande wa nyuma, na hapo moyo wangu ukaruka. Chini ya mkomamanga alisimama Babu, amenipa mgongo. Nalilijua koti lile la khaki, lenye kiraka kwenye kiwiko cha kushoto, ambalo alikuwa akilivaa miaka yote ya ukarani wake. Nalizijua bega zile zilizoinama upande mmoja. Midomo yangu ilikuwa imekwisha kutamka "Shikamoo" kabla akili haijanikumbusha kwamba mtu yule hana uso.

Bibi alinikuta nimesimama pale pale. Nguo nyingine za Babu zilitolewa sadaka baada ya msiba. Koti lile nalidhani nalo lilitoka. Kumbe lilikuwa kabatini, limekunjwa chini ya shuka. "Lilikuwa likiliwa na nondo," Bibi akasema, kana kwamba naliuliza. "Afadhali liliwe na jua." Akamkaribia, akamwekea kola sawa, akaongeza: "Na huyu pia hajui bamia ziko wapi."

Baadaye nalisoma habari za mwanamke mmoja wa Japani, Tsukimi Ayano, wa kijiji cha Nagoro katika kisiwa cha Shikoku. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alirudi kijijini kumtunza baba yake, akapanda mbegu, akatengeneza sanamu ya kutishia ndege kwa mfano wa mzee huyo. Majirani wakawa wakipita wakiisalimu. Kijiji kilikuwa kikipungukiwa na watu, wazee wakifa na vijana wakihamia mijini, naye akaendelea kushona sanamu za walioondoka, akiziweka mashambani na vituoni, hata zikawazidi watu walio hai. Wengi waendao kutazama husema mahali pale pana huzuni. Mimi sikuweza kusema hivyo. Nalikumbuka kola ya koti la khaki ikiwekwa sawa, nikafahamu kwamba salamu haipotei kwa kuwa mwenye kuipokea hana masikio.

Nimefikiri sana kuhusu zawadi tunazowapa wazee wetu. Aghalabu huwa ni vitu vya kuwapumzisha: kiti cha kukalia, shuka la kujifunikia, mtumishi wa kuwatekea maji. Ni vitu vyema, na mwana asiyevitoa amekosa. Lakini ndani ya kila kitu cha kumpumzisha mzee mna neno lisilosemwa, nalo ni "keti, kazi yako imekwisha." Mzaha, ukiwa umetoka katika mapenzi, husema kinyume chake. Humwambia mzee kwamba bado yumo mchezoni, kwamba ana zamu ya kujibu, na kwamba twangoja jibu lake. Bibi alipouliza mahari iko wapi, alikuwa ameichukua zamu yake. Hata hivyo simshauri kijana yeyote aige nilivyofanya bila kutafakari, kwa maana nalinusurika kwa akili za mpokeaji, si kwa akili zangu. Mwenye kutania mjane hana budi kwanza ajue kwamba mjane huyo ni hodari kuliko yeye.

Asubuhi ya siku ile ya pili, mwezi huo huo wa Desemba, nalichukua jembe nikaenda kulipa deni. Matuta matatu yalikuwa yamejaa mchicha na bamia. Pembeni yake palikuwa na kipande cha majani, kimeachwa wazi, sawasawa na kipimo cha tuta. Nalikuwa nimeinua jembe Bibi aliponizuia.

"Acha," akasema.

"Si unanidai, mke wangu?"

"Ndiyo, nakudai. Mwenye deni ana sababu ya kurudi."

Basi likawa deni. Kila nilipokwenda Tanga alinionyesha kipande kile, na kila nilipoondoka alinikumbusha mlangoni. Bwana arusi alibadilishiwa mlingoti mara mbili kwa sababu ya mchwa, na gunia lake mara nyingi kwa sababu ya mvua. Koti lilipauka hata likawa jeupe, kisha likachanika, kisha likawa vitambaa vya kufungia miche ya nyanya. Bibi alifariki mwaka 2006, akiwa na miaka themanini na mitano. Wiki moja kabla ya hapo alikuwa amewagombeza watu kwa kumwagilia bilingani mchana.

Siku hizi nyumba ile anakaa mtoto wa mjomba wangu, yule aliyenisaidia kushindilia katani. Mkomamanga ungali unazaa, na nusu ya mazao wanakula kunguru. Kila mwaka naenda, na kila mwaka mwenyeji wangu huniuliza kwa nini simruhusu kukilima kipande kile cha majani kilicho kando ya matuta matatu, ambacho hakina faida ila kuficha panya. Humwambia akiache. Jembe najua lilipo, na mikono yangu bado ina nguvu. Lakini tuta la nne sijalichimba.